Hatua Ishirini za Mtu Mzima

Kitongoji cha Mihogoni, pembezoni mwa Runzewe, hakina shina hata moja la muhogo. Aliyeulima mara ya mwisho ni Telesphori Lugendo, na alianza kuung'oa kwa mikono yake mwenyewe miaka kumi na miwili iliyopita, wiki ileile wachimbaji walipoibuka na dhahabu kwenye pori la upande wa pili wa barabara kuu. Kabla ya hapo eneo lote lilikuwa shamba la baba yake, na kelele kubwa kuliko zote ilikuwa ya kengele za ng'ombe. Baada ya hapo walimiminika Waha, Wakerewe, Wajita, Wahaya na Wasukuma wa kila pembe kuanzia Maswa hadi Kahama, mwingine na godoro kichwani, mwingine na simu tu mfukoni, na kila mmoja aliuliza swali lilelile: kiwanja kinapatikana wapi?

Kilipatikana kwa Telesphori, naye alikuwa muuzaji wa aina yake. Mikataba ya viwanja huku huandikwa kwenye karatasi ya daftari, ikagongwa muhuri, na haisemi mita. Husema "hatua ishirini kwa ishirini za mtu mzima". Mtu mzima yupi, karatasi haisemi, na hapo ndipo wauzaji wajanja wanapopatia ulaji wao. Ataitwa mjomba mmoja mfupi, atembee kama anakwepa mayai, na mnunuzi ataondoka na kiwanja ambacho akilala na kunyoosha miguu, inafika kwa jirani. Telesphori hakuwa na mchezo huo. Alikuwa mrefu kuliko mlango wa nyumba yake, akapiga hatua mwenyewe mbele ya mnunuzi, pana na wazi, bila kubania. Fundi mmoja wa barabara aliwahi kumpima kwa tepu kwa mzaha, hatua ishirini, akakuta mita ishirini na sentimita nne. Habari hiyo ilifika hadi Ushirombo.

Ndivyo alivyopata jina la Mzee Hatua. Hata watu waliokuwa wakiuza mashamba yao wenyewe walimwita aje awapimie, maana mnunuzi akishaona miguu ya Telesphori ugomvi uliisha kabla haujaanza. Alilipenda jina hilo, tena sana. Mtu mwingine hujivunia ng'ombe au watoto waliosoma. Yeye alijivunia miguu, na ukimwona kanisani akitembea kwenda kupokea komunyo ungedhani anauza kanisa.

Mstari wa kwanza wa Mihogoni aliupima mwaka ule wa dhahabu. Viwanja kumi. Kati ya cha tano na cha sita aliacha hatua sita za barabara, nafasi ya magari mawili ya ng'ombe kupishana bila kugombana. Nyuma ya mstari huo aliacha njia ndefu, na ng'ambo ya njia alibakiza muhogo wa kula yeye na mkewe, Scolastika. Huko nyuma ndiko mstari wa pili ulikuja kukaa, miaka minne baadaye, na ndiko kulikoharibika.

Katikati ya miaka hiyo pikipiki ilimgonga akitoka mnadani. Paja lilivunjika. Hospitalini walimlaza, wakamfunga uzito mguuni, wakamwambia wiki nane. Wiki ya tano mvua ikanyesha. Telesphori alisikia kwamba majirani wameshaanza kupanda mpunga, akafungua kamba mwenyewe akarudi nyumbani kwa bajaji. Mfupa uliunga, lakini uliunga ulivyotaka wenyewe, na mguu wa kulia ukatoka mfupi kuliko mwenzake kwa upana wa vidole vitatu.

Mtu mwingine angetembelea fimbo. Yeye alikwenda kwa fundi wa makatambuga, vile viatu vya tairi, akamwagiza kiatu cha kulia kiwekewe soli tatu, na kwa kuwa alivaa suruali ndefu hakuna aliyeona kitu. Alijifunza kutembea upya uani, Scolastika akimwangalia asiyumbe, hadi akatembea wima kama zamani. Wa kujua walikuwa watu watatu tu, yeye, mkewe na fundi wa viatu, na fundi alihamia Chato. Telesphori alimwambia kila aliyeuliza kwamba mguu umepona, na alipouza mstari wa pili alipiga hatua mwenyewe kama kawaida. Viwanja kumi, barabara ya hatua sita kati ya cha tano na cha sita.

Jambo moja lilimshangaza siku ile. Alipomaliza kiwanja cha kumi alikuta ardhi imebaki mwishoni, kipande kizuri tu, wakati mstari wa kwanza uliishia kwenye korongo kabisa bila masazo. Alisimama akakitazama. Akajiambia kwamba labda korongo linapinda, akakichukulia kuwa zawadi ya Mungu, akatoa misa ya shukrani, kisha akajenga hapo nyumba yake mpya na vyumba viwili vya kupangisha. Kama kulikuwa na wazo jingine kichwani mwake siku ile, hakulipa kiti.

Sasa mji umekua, na serikali imesema wenye makazi holela wapimiwe wapate hati. Akaja binti mpima, Nelly, kijana mwenye kofia pana na mashine ya miguu mitatu, mpole, anayesema shikamoo kwa kila mtu mpaka kwa watu wa rika lake. Alipima mstari wa kwanza, akafurahi: viwanja vya mita ishirini, barabara mita sita, sawasawa kana kwamba pamepimwa kwa mashine. Akainyoosha barabara ile kwenye mchoro wake ivuke njia na kuendelea mstari wa pili mpaka kwenye zahanati mpya. Mstari wake ukapita katikati ya nyumba ya Vumilia.

Vumilia, anayeitwa Mama Januari, alikuja kutoka Kasulu na mtoto mgongoni, akapika vitumbua na chai kwa wachimbaji miaka mitano ndipo akapata vyumba vyake vitatu vya matofali ya kuchoma. Kiwanja chake ni cha sita katika mstari wa pili. Kati yake na kiwanja cha tano kuna kichochoro, na huko kwenye cha tano anakaa Magesa, mwenyekiti wa kitongoji, mtu wa Ukerewe aliyekuja Mihogoni mwaka mmoja tu kabla yake na tangu hapo huwaita wenzake wote wakuja. Kichochoro kile Magesa alikwisha kukiwekea kibanda chake cha mkaa.

"Barabara ilikuwa hapa," Magesa alisema siku ile ya upimaji, akionyesha ukuta wa Vumilia. "Nyoosha macho kutoka mstari wa kwanza, utaona mwenyewe. Huyu mama kahamisha minyaa ya mpaka, kajenga barabarani."

"Mwenyekiti, mimi minyaa niliikuta imepandwa na Mzee Hatua," Vumilia alisema. "Niliyoipanda upya ni ile iliyokanyagwa na ng'ombe."

"Si umesikia? Ameipanda upya."

Watu walitikisa vichwa. Hakuna aliyejiuliza mbona kiwanja cha saba nacho kimesogea vilevile, wakati hakuna aliyehamisha minyaa yake. Binadamu akishatafutiwa kosa, hesabu hupumzika. Telesphori alikuwepo. Wote waligeuka kumtazama yeye, maana nani mwingine angejua. Akasema kwamba atafikiri, kwamba ni miaka mingi.

Hakuwa na la kufikiri. Dakika kumi kabla ya hapo alimshikia Nelly ncha ya tepu kwenye kiwanja cha kwanza cha mstari wa pili, na binti akasoma kwa sauti: mita kumi na saba. Cha pili, kumi na saba. Cha tatu, kumi na saba na kidogo, naye akaandika tu, maana makazi holela hayana vipimo sawa. Kila namba iliposomwa Telesphori alihisi kwenye paja la kulia kitu kama baridi. Viwanja vitano, kila kimoja kimepungua mita tatu: barabara yake ya hatua sita ilikuwa imerudi nyuma mita kumi na tano, ikaangukia kwenye kichochoro cha Magesa. Vumilia alikuwa amekaa palepale alipokalishwa. Na zile mita zote zilizopungua, kiwanja baada ya kiwanja, ndizo zilizokuja kujikusanya mwisho wa mstari, mahali alipojenga nyumba yake.

Jioni alimweleza Scolastika. Mkewe alikuwa akichambua mchele, hakuinua kichwa.

"Nilikuwa najua tu," alisema. "Siku ulipoleta habari ya masazo, nilijua. Nikasema labda Mungu kaamua kutupa pole ya mguu."

"Yule mama watamvunjia, Mama Paschal."

"Na sisi je? Ukisema, watu kumi watakuja kudai mita tatu kila mmoja, na zote ziko chini ya kitanda chako. Matofali ya nyumba hii nimeyafyatua mimi. Maji nimeyabeba mimi, wewe ukiwa na mguu wako huo." Akapepeta. "Nyamaza. Serikali haitavunja, itampa fidia."

Wote wawili walijua kwamba aliyejenga barabarani hapewi fidia. Telesphori alinyamaza, na kunyamaza, ukishaanza, ni kazi rahisi kuliko zote.

Mkutano wa wananchi ulipangwa Jumamosi ya wiki ya pili. Utaratibu wa urasimishaji uko hivyo: wenye viwanja wakikubaliana juu ya barabara, wanatia saini mchoro, na wakishatia saini imekwisha. Mpaka siku hiyo, Mihogoni yote iliishi kama kesi imekwisha hukumiwa. Kwenye bomba la maji ndoo ya Vumilia ilisogezwa nyuma na kila aliyefika. Wachimbaji walinunua vitumbua kwa mwingine. Mtoto wake aliulizwa shuleni kama na yeye atahamisha dawati. Mwanamke mmoja wa Geita, ambaye hata mwaka hajamaliza, alisikika akisema kwamba Waha ndivyo walivyo, wamekuja juzi tu na wanajifanya wana haraka.

Jumatano jumuiya ndogondogo ya kanisa ilikuwa ikasali nyumbani kwa Vumilia, ilikuwa zamu yake, na alikwishakoboa mpunga. Saa tisa ukatumwa ujumbe kwenye simu za wanajumuiya kwamba sala itakuwa kwa Magesa. Telesphori aliusoma ujumbe mara mbili. Kisha akaenda kwa Magesa, akasali rozari yote, akala wali.

Alipotoka huko alimkuta mpangaji wake, mwalimu Abel, amekaa barazani na rundo la karatasi za mtihani. Abel anafundisha historia kidato cha sita, mtu wa Biharamulo, mwembamba, anayesahihisha kwa kalamu nyekundu huku akiguna.

"Swali gani limewashinda leo, mwalimu?"

"Kukua kwa miji Marekani, mwishoni mwa karne ya kumi na tisa. Miji na wahamiaji." Abel akageuza karatasi. "Mzee, mji unaitwa Chicago, mwaka elfu moja mia nane arobaini haukufika watu elfu tano. Miaka hamsini baadaye umepita milioni. Watu wametoka Ireland, Ujerumani, Italia, Poland, wanashuka melini na furushi mkononi. Kule New York familia nzima chumba kimoja, choo kimoja cha ghorofa nzima. Mwanafunzi huyu hapa ameandika, 'kama Mihogoni'. Sijui nimpe alama au nimnyime."

"Mpe. Kasema kweli." Telesphori akakaa. "Na walipatana?"

"Ndiyo sehemu wanayoipenda. Waliotangulia waliwachukia waliofuata. Waairishi walitukanwa wee, wakakaa, wakapata upolisi na uwenyekiti wa mitaa. Waitalia walipofika, Waairishi wakawaambia nyie ndio mnaoharibu mji. Kila aliyeingia alitaka mlango ufungwe nyuma yake."

Telesphori alifikiri habari hiyo. Babu yake mwenyewe alifika hapa na ng'ombe wanane akitokea Nzega, na Wasumbwa aliowakuta hawakumpigia vigelegele. Kilichomsumbua lakini kilikuwa kitu kingine.

"Mwalimu, viwanja huko nani alikuwa akiwapimia?"

"Viwanja?" Abel alishangaa; katika miaka yote hakuna mwanafunzi aliyewahi kuuliza hilo. "Serikali ilipima ardhi kwanza. Kwa minyororo. Mnyororo wa chuma wa urefu mmoja, nchi nzima, hata porini."

"Mnyororo," alisema Telesphori.

"Ndiyo, mzee. Mnyororo hauchoki wala haurefuki."

Wala haugongwi na pikipiki, Telesphori alijisemea. Akamuaga mwalimu akaenda kulala, na uongo wa bure ni kusema alilala. Aliona aibu. Ilikuwa aibu ya kawaida kabisa, kama ya mtoto aliyekojoa kitandani anayesubiri kukuche. Aibu ya kuvua kiatu mbele ya watu, na nyuma yake aibu kubwa zaidi, ya kwamba ile ya kiatu ndiyo iliyokuwa ikimtisha kuliko kuvunjwa kwa nyumba ya mtu.

Jumamosi mkutano ulikuwa saa nne, kwenye uwanja wa mashine ya mpunga, nayo mashine ikazimwa kwa heshima. Telesphori alipita njia ya nyuma. Alipofika kiwanja cha sita alimwona Vumilia juu ya paa la nyumba yake na mtarimbo, aking'oa misumari. Bati nne zilikuwa tayari chini, zimeegeshwa ukutani kwa mpangilio. Anayejua atavunjiwa huokoa bati kwanza, maana greda haliulizi.

"Mama Januari, mkutano bado haujakaa," alisema Telesphori.

"Shikamoo, Mzee." Hakuacha kung'oa. "Najua. Lakini wakitia saini leo, Jumatatu vijana watakuwa wameshaziiba hizi bati. Mwanamke mmoja hawezi kulinda bati usiku."

"Marahaba," alisema Telesphori. Msumari mmoja uliruka ukaanguka karibu na kiatu chake, akauokota, akautazama, hakujua pa kuuweka. Akauweka juu ya bati na kuendelea kwenda mkutanoni. Mpaka anafika uwanja wa mashine alikuwa ameshaamua, na uamuzi wenyewe haukumpa nguvu yoyote.

Watu walikuwa wengi, wa mistari yote miwili. Magesa alifungua mkutano, akaeleza, akaonyesha mchoro, akasema kwamba maendeleo hayamsubiri mtu na kwamba waliojenga barabarani wanajijua. Nelly alikaa pembeni na karatasi za saini kwenye mapaja. Scolastika alikuwa mstari wa mbele pamoja na kina mama. Vumilia alifika mwisho, vumbi la bati kwenye khanga, akasimama nyuma kabisa ingawa viti vilikuwepo.

"Kabla ya saini," alisema Telesphori, "naomba nimwombe binti mpima kitu."

"Mzee Hatua azungumze," Magesa alisema kwa furaha, akijua kwamba neno lake litamaliza kazi.

"Binti, kunjua tepu yako hapa uwanjani. Chini kabisa. Mwanzo uwe hapa."

Nelly alikunjua. Watu walisogea kuacha nafasi, wakidhani mzee anataka kuonyesha ufundi wake, na wengine walianza kutabasamu. Telesphori akasimama kwenye mwanzo wa tepu, akapiga hatua. Alizipiga kama alivyozipiga siku zote, pana, kichwa juu, akihesabu kwa sauti. Umati ukahesabu naye. Ishirini. Akasimama.

"Soma, binti."

Nelly aliinama, akasoma, akainama tena. "Mita kumi na saba na sentimita tano, mzee."

Watu walicheka. Mtu mmoja akasema mzee amezeeka. Telesphori alikaa chini palepale juu ya vumbi, akavua kiatu cha kulia, akakiinua juu: soli tatu za tairi, moja juu ya nyingine. Akakunja suruali hadi juu ya goti, akanyoosha miguu yote miwili sambamba, na wote wakaona unyayo mmoja unaishia pasipofika mwenzake. Kicheko kikakatika.

"Mguu huu haukupona," alisema. "Niliwadanganya. Mstari wa kwanza niliupima nikiwa mzima. Mstari wa pili niliupima na mguu huu. Kila kiwanja cha huko kimepungua mita tatu, na barabara niliyoiacha ikarudi nyuma. Barabara yenyewe ni kile kichochoro chenye kibanda cha mkaa. Mama Januari hakuhamisha kitu chochote. Nilimkabidhi mimi, minyaa nikapanda mimi, na amekaa pale nilipomwonyesha."

Kisha mstari wa pili ukaelewa, na ukaelewa wote kwa pamoja.

"Kwa hiyo na changu kimepungua?" aliuliza Magesa. Hii ilikuwa sauti tofauti kabisa na ile ya mwanzo wa mkutano.

"Chako pia, mwenyekiti."

"Na hizo mita zimekwenda wapi?"

Telesphori alimtazama mkewe. Scolastika alikuwa ameinamisha kichwa. Telesphori alifungua mdomo kujibu, lakini mkewe alishasimama.

"Ziko kwangu," alisema Scolastika. "Kiwanja cha mwisho ndizo hizo mita zenu. Nyumba nimeijenga juu yake, na nyumba siivunji, mtanizika nayo. Lakini nusu ya kiwanja ni uwanja mtupu nimepanda matembele. Chukueni. Jengeni ofisi, chimbeni kisima, fanyeni mtakavyo." Akakaa, akajifunika uso na khanga, na mabega yakatikisika.

Mkutano uliendelea hadi saa tisa. Wapo waliotaka warudishiwe mita zao, wakaelezwa na Nelly kwamba ili kumrudishia kila mtu ingebidi kuvunja nyumba kumi, wakatulia. Wapo waliosema Telesphori apelekwe polisi, na wengine wakawazima. Mwishoni Nelly alichora upya kwa penseli: barabara itoke mstari wa kwanza, ikifika njia ya katikati ipige kona kushoto, mita kumi na tano, kisha ikate tena kuingia kichochoroni. Alisema kona si kosa, inakubalika, ila upande wa kichochoro uongezwe mita moja kutoka kwa Magesa na kibanda cha mkaa kiondoke. Magesa alinuna, akatazama huku na huku akitafuta wa kumuunga mkono, hakumpata, akatia saini. Wote wakatia. Watu walipoanza kutawanyika, walitawanyika bila kumuaga Telesphori, na hakuna hata mmoja aliyemwita tena Mzee Hatua.

Alitoka, akaenda kiwanja cha sita. Vumilia alikuwa ameshafika, ameegemeza ngazi ukutani, anazipeleka bati juu moja moja.

"Naomba nikushikie ngazi," alisema Telesphori.

Vumilia aliweka bati chini. Akamkabili, mikono kiunoni, na kwa mara ya kwanza katika wiki mbili Telesphori aliona uso wake vizuri. Ulikuwa umechoka sana.

"Mzee, nyumba imebaki, nashukuru. Nikuulize kitu kimoja. Ulijua lini?"

Angeweza kusema leo. Angeweza kusema jana. "Siku ya upimaji," alisema.

"Siku ileile?"

"Siku ileile."

Vumilia alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayepanga vitu. "Jumatano ile waliporuka nyumba yangu. Kwa mwenyekiti ulikwenda?"

"Nilikwenda."

"Ukasali?"

"Nilisali, mama."

"Rozari yote?"

"Yote."

Vumilia hakuwa na hasira ya kupiga kelele, na Telesphori alitamani angekuwa nayo, maana kelele huisha. Alitaka kumwambia kwamba aliogopa, kwamba mkewe alilia, kwamba alishindwa kulala. Yote yalikuwa kweli, na hakuna hata moja lililokuwa na kazi pale.

"Mchele nilioukoboa kwa ajili yenu niliula mimi na mtoto wangu siku nne," alisema Vumilia. "Nenda nyumbani, mzee. Ngazi nitaiegemeza mwenyewe."

Akaipanda na bati lake begani. Telesphori alisubiri kidogo, labda angegeuka. Juu ya paa nyundo ilianza kugonga, msumari wa kwanza, wa pili, na yeye akaondoka.